Kiu Bila Sukari

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Hapa Kanja kuna baridi na ukungu, na mashamba ya chai yamepanda mlima. Mlezi wa chama chetu aliponiomba niandike makala ya afya, nilitaka kuandika juu ya kunawa mikono. Ni mada rahisi, na kila mwaka hakosi mtu wa kuiandika. Nilipomweleza mama, aliniangalia akasema, "Kwani hayo yaliyotupata sisi si afya? Andika hayo." Basi nayaandika, pamoja na yale niliyofundishwa na daktari, ili asiyejua ajue na ajuaye akumbuke.

Mambo yalianza muhula wa pili mwaka jana, nikiwa Kidato cha 2. Nilianza kuamka usiku kwenda haja ndogo. Mara ya kwanza sikujali. Ukilala Kanja mwezi wa Julai utajua kuwa baridi peke yake humwamsha mtu. Lakini mara moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Kutoka bwenini hadi vyooni ni mwendo, na umande hapa si wa mchezo. Mchana nilikuwa na kiu. Kinywa kilikauka kama nimelamba majivu, nikawa natembea na chupa ya maji kila mahali. Isitoshe, nilichoka. Nikipanda ngazi za maktaba mapigo ya moyo nayasikia masikioni.

Kiu, mkojo, uchovu. Mwanafunzi yeyote aliyefungua kitabu cha baiolojia anajua orodha hiyo ni ya ugonjwa gani. Nami sikuhitaji kitabu. Guka, yaani babu yangu mzaa mama, ana kisukari kwa miaka mingi. Kidonda kidogo cha kidole kilimla mguu, ukakatwa chini ya goti nilipokuwa darasa la 6. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea maji ya kuosha kile kisiki. Guka huniita "bibi yangu" kwa utani, kwa kuwa nimeitwa jina la nyanya. Basi usiku, nikirudi kutoka chooni miguu ikiwa imeloa, nilijiambia: jina nimelirithi kwa nyanya, na ugonjwa nimeurithi kwa guka.

Sikumwambia mtu. Niliacha sukari kwenye chai, nikaacha mkate, nikawa nakula githeri vijiko vichache tu. Tulipoenda nyumbani likizo fupi ya katikati ya muhula, nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Niliingia chumbani kwa guka, nikafungua mkebe wake wa dawa, nikachukua tembe 6. Nikazificha ndani ya kikasha changu cha jiometri, chini ya kipimapembe.

KIPIMO CHA KWANZA

Wiki mbili baadaye nilipata kizunguzungu gwaride la asubuhi, nusura nianguke. Metroni alinipeleka zahanati. Huko nilitobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye mashine ndogo, na baada ya sekunde chache ikaandika 5.2. "Sukari yako iko sawa," nikaambiwa. "Huna kitu. Nenda ukasome."

Ungedhani nilifurahi. La hasha! Kama sina kitu, mbona naamka mara 4? Bwenini wengine wakaanza maneno: ati nataka ruhusa ya kwenda nyumbani, ati naogopa mtihani wa hesabu. Mtu akiwa mgonjwa huumwa mara moja, lakini mgonjwa asiyeaminiwa huumwa mara mbili. Nikaamua kwamba mashine ndiyo iliyokosea.

Usiku huo, taa zilipozimwa, nilifungua kikasha cha jiometri, nikatoa tembe moja na kuishika mkononi. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alisikia kikasha kikilia. Akainama.

"Wameza nini?"

"Ya kichwa tu," nikasema.

"Nipe na mimi moja basi. Changu kinapasuka."

Nilinyamaza. Msomaji, sikuweza kumpa. Nilijua fika kwamba si dawa ya kichwa na kwamba ingeweza kumdhuru. Na papo hapo nikajiuliza: ikiwa itamdhuru yeye ambaye hana kisukari, nami nimeambiwa leo kwamba sukari yangu ni sawa, itanifanya nini mimi? Nikairudisha tembe mahali pake. Asubuhi nilimpelekea metroni kikasha chote na kumweleza kila kitu huku nikilia. Hakunigombeza. Alimpigia mama simu.

KWA NINI SUKARI HUMKOJOZA MTU

Siku ya pili mama alinichukua, tukapanda matatu hadi Runyenjes, na ya pili hadi Embu. Daktari tuliyemkuta, mama wa makamo mwenye miwani, alizitazama zile tembe kwanza. Zilikuwa glibenklamidi. Alinieleza kwamba dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari ya damu haijapanda. Mwenye kisukari akiimeza kama alivyoelekezwa, sukari yake hushuka ikafika mahali pazuri. Mtu mwenye sukari ya 5, tena ambaye hajala vizuri, akiimeza, sukari yake huweza kushuka chini ya 3. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na akiwa amelala peke yake gizani huenda asiamke. "Ungemeza usiku," akasema, "na wenzako wangedhani umelala." Mama alishika kichwa.

Kisha akachukua karatasi na kunieleza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike, maana ndilo ufunguo wa mambo yote haya.

Figo huchuja damu usiku na mchana. Sukari iliyomo katika damu nayo huchujwa, lakini figo huirudisha ndani, haziitupi. Fikiria kituo cha kununulia majani chai hapa kwetu. Wakulima wakileta magunia ya kadiri, karani hupima yote na lori hubeba yote. Yakija magunia kupita kiasi, lori hujaa na mengine hubaki nje. Vivyo hivyo figo. Katika watu wengi, lori hilo hujaa sukari ya damu ikifika karibu 10, kwa kipimo cha milimoli kwa lita kinachotumika hapa Kenya. Hapo sukari iliyozidi hutoka na mkojo, na sukari haitoki peke yake, bali huvuta maji. Ndiyo maana mkojo huwa mwingi. Maji yakipungua mwilini, kiu huja. Chakula kikipotelea kwenye mkojo, mtu hukonda na kuchoka.

Kwa hiyo kiu ya kisukari ni mtoto wa mkojo, na mkojo huo ni mtoto wa sukari iliyopita kiasi. Damu ikiwa na 5.2, lori bado liko mbali na kujaa. Saa ile nilipopimwa, sukari haikuwa ndiyo inayonikojoza. Mashine haikukosea.

"Lakini wewe nawe hukukosea," daktari akaongeza. "Uliambiwa huna kitu. Kipimo hakikusema hivyo. Kipimo kilisema sukari ya saa nne asubuhi ilikuwa 5.2, basi. Mengine hakikuulizwa."

MARA NYINGI SI WINGI

Akaniuliza, "Unakojoa sana au unakojoa mara nyingi?"

Nikaona ni swali moja. Kumbe ni mawili! Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajigamba kwamba tunajua maana za maneno, na hapo nilishindwa. Kukojoa mara nyingi ni kwenda mara nyingi. Kukojoa mkojo mwingi ni kutoa maji mengi. Mtu huweza kwenda mara 12 kwa siku na akatoa jumla ya lita moja na nusu tu, kama mtu mwingine yeyote. Mwenye kisukari kilichopanda hutoa mwingi, kila mara, mchana na usiku.

Nilipewa kazi ya nyumbani. Siku 2 nzima nilipima kwa jagi la plastiki kila nilichokunywa na kila nilichotoa, nikaandika kwenye daftari kwa saa. Nilikuwa naenda mara 11 au 12, lakini kila mara ni kidogo, pengine robo kikombe, na mwishoni pana muwasho ambao nilikuwa nimeona aibu kuutaja. Mkojo ulipopimwa maabara haukuwa na sukari. Ulikuwa na chembe nyeupe za damu nyingi na bakteria. Ni maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa unaowapata wasichana na wanawake wengi, na dawa yake ni ya siku chache.

Uchovu nao ulikuwa na mzazi wake. Damu yangu ilikuwa pungufu: himoglobini 9.1, ilhali msichana wa umri wangu anatakiwa afikie 12. Nilikuwa nimepungukiwa na madini ya chuma. Msichana hupoteza damu kila mwezi, na mimi nilikuwa nimejinyima chakula kwa hofu. Juu ya hayo, kulikuwa na chai. Nilikuwa nikienda prepu na thermosi ya chai ya rangi nzito ili nisisinzie, na kila mlo naushushia na chai. Chai nzito ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini vizuri. Nasi hapa chai ndiyo inayotulipia karo! Daktari alicheka akasema hanikatazi chai, bali niinywe mbali na chakula, saa moja au mbili, na badala yake nile pera au chungwa pamoja na maharagwe na mboga, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia.

Na kiu je? Hofu hukausha kinywa. Nilikunywa maji kwa kuogopa, maji yakanipeleka chooni, na kila safari ya chooni ikanizidishia hofu. Nilikuwa nikilifukuza jogoo langu mwenyewe kuzunguka nyumba.

Ili asibaki na shaka, daktari alinipima sukari kwa njia kamili. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 4.8. Kisha nikanywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, na baada ya saa 2 ikawa 6.1. Hapo ndipo tulipoweza kusema, bila kubahatisha, kwamba sina kisukari.

JINA LENYE SUKARI NDANI YAKE

Nilipopona nilirudi maktaba kutafuta historia ya ugonjwa huu, na nikagundua kwamba tatizo langu lilianzia katika jina.

Wagiriki wa kale waliuita diabetes, neno lenye maana ya kitu kinachopitisha maji, kama mrija. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliueleza katika karne za kwanza baada ya Kristo. Jina lao lilitaja kile kilichoonekana: mtu anakunywa, maji yanapita moja kwa moja. Sukari haikutajwa. Matabibu wa Uhindi wa kale ndio waliouita kwa jina la asali, kwa sababu mkojo wa wagonjwa wao ulivuta sisimizi. Huko Uingereza, Thomas Willis aliandika katika miaka ya 1670 kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya: aliukausha mkojo wa mgonjwa motoni, akapata mabaki yenye ladha na umbo la sukari.

Tangu hapo iligunduliwa pia kwamba wako watu wenye kiu kali na mkojo mwingi ambao mkojo wao hauna utamu wowote. Madaktari wakaliongezea jina la kale neno moja kwa wale wenye utamu na neno jingine kwa wasio na utamu. Hawa wa pili ugonjwa wao hauhusiani na kongosho wala sukari. Ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini ambayo huziambia figo zihifadhi maji. Homoni hiyo ikikosekana, au figo zikikataa kuisikia, mtu mzima huweza kutoa zaidi ya lita 3 kwa siku, wengine lita 10 na zaidi, mkojo mweupe kama maji ya mto. Sukari yake ya damu ni sawa kabisa. Ugonjwa huu ni nadra, lakini upo, na una dawa.

Sasa tazama Kiswahili chetu. Tumesema kisukari, au ugonjwa wa sukari. Ni jina zuri, linaeleweka hadi sokoni. Ila limefunga mlango mmoja. Mgiriki angeweza kusema fulani ana diabetes isiyo na sukari. Sisi tukisema fulani ana kisukari kisicho na sukari, watu watacheka. Ndipo mtu mwenye kiu na mkojo akipimwa na sukari ikawa sawa, tunakosa neno, na tukikosa neno tunasema: hana kitu.

Wala usidhani wenzetu wamesalimika kwa kuwa na majina mawili. Mwaka 2009 kijana wa miaka 22 alifariki katika hospitali moja ya London. Alikuwa na ule ugonjwa wa homoni. Hakupewa dawa yake wala maji ya kutosha, hata akapiga simu polisi akiomba maji. Kufanana kwa majina kumewachanganya wahudumu mahali pengi, na mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina jipya linalotaja upungufu wa vasopresini, ili usichanganywe tena na wa sukari. Neno, msomaji, laweza kuponya na laweza kuua.

KIPIMO CHA MAMA

Laiti hadithi ingeishia hapo. Siku tuliyorudi kuchukua majibu yangu, daktari alimgeukia mama. "Na wewe, mama? Mzee wako ana kisukari. Umewahi kupimwa?"

Mama akajibu kwa fahari kwamba alipimwa mwaka uliotangulia, asubuhi kabla ya kula, akapata 5.7, akaambiwa yuko salama.

"Unaamka usiku?"

Mama akasita. "Naamka. Lakini hiyo ni uzee. Na kiu ni ya jua. Ukichuma chai kutwa, utakosa kiu?"

Mimi nilimtazama. Tulikuwa tumelala chumba kimoja siku zile 2 za kupima kwa jagi, nami sikuwa nimemwona yeye anapotoka. Tulikuwa tukipishana mlangoni kila mmoja akimwonea huruma mwenzake.

Akapimwa. Kabla ya kula, 6.3. Bado si kisukari kwa kipimo hicho, maana mpaka ni 7.0. Akapewa glukosi kama mimi. Baada ya saa 2, 13.4. Mpaka wa kipimo hicho ni 11.1. Wiki iliyofuata alirudia, na majibu yalikuwa yale yale. Mimi niliyejihukumu kuwa na kisukari sikuwa nacho, na mama aliyeshikilia karatasi ya "uko salama" alikuwa nacho.

Daktari alitueleza kwamba katika baadhi ya watu kongosho hulegea polepole. Usiku kucha, bila chakula, bado inamudu kazi, ndiyo maana asubuhi sukari ni nzuri au imepanda kidogo tu. Ugali ukiingia ndipo inaposhindwa, na sukari hupita 10 kwa saa kadhaa, lori linajaa, na mkojo huanza. Anayepimwa asubuhi peke yake hataonekana. Tena karatasi ya mwaka jana ni ya mwaka jana.

Kuna na kipimo cha tatu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3 iliyopita kwa kuangalia sukari iliyong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu. Asilimia 6.5 na zaidi ni kisukari. Ni kipimo kizuri, na huhitaji kukaa njaa. Lakini kinategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida, kama siku 120. Mwenye ugonjwa wa selimundu, au mtu aliyepoteza damu nyingi au kuongezewa damu hivi karibuni, huweza kupata namba ya chini kuliko ukweli. Mwenye upungufu wa chuma kama mimi huweza kupata ya juu kuliko ukweli. Ndiyo sababu daktari hakukitumia kwangu.

NENO KWAKO

Msomaji mpendwa, utafiti uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa hiyo la kwanza ni kupimwa. Lakini ukipimwa, na majibu yakawa sawa, na dalili zikabaki, fanya haya:

1. Uliza umepimwa nini na saa ngapi. Kabla ya kula? Baada ya kula? Andika namba na tarehe kwenye daftari lako.

2. Pima unachokunywa na unachotoa kwa siku 2. Ukipita lita 3 za mkojo kwa siku, peleka daftari hilo hospitali haraka. Usijaribu kujinyima maji ili uone kama mkojo utapungua. Jaribio hilo lipo, lakini hufanywa hospitalini chini ya uangalizi, kwa kuwa mwenye upungufu wa homoni huweza kukauka akafa.

3. Taja kila dalili, hata ya aibu, na kila dawa. Baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kuongeza mkojo. Mimba, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo, na kwa wazee wanaume tezi dume, vyote humwamsha mtu usiku. Na anayekonda na kukohoa apimwe kifua kikuu hata kama sukari yake ni sawa.

4. Kama unatafuna muguka, sema ukweli. Huu mmea wa ndugu zetu wa Mbeere hukausha kinywa, huondoa hamu ya chakula na kufukuza usingizi. Mtafunaji hunywa maji na soda kutwa, hukonda, huchoka. Ukimtazama kwa mbali utaapa ana kisukari.

5. Usimeze dawa ya mwingine. Hili sihitaji kulirudia.

6. Mtoto au kijana anayekojoa sana na kukonda ghafla, akianza kutapika, kupumua kwa nguvu, au pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyovunda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, na usimwonyeshe mtu karatasi ya mwezi jana.

Mimi nilimeza dawa ya mkojo siku 5 na vidonge vya chuma miezi 3. Sasa nalala hadi kengele. Mama anatumia dawa, anapima sukari, amepunguza ugali na kuongeza mboga, na kila jioni anakagua nyayo zake kwa kioo, kwa sababu ya yale tuliyoyaona kwa guka.

Guka mwenyewe nilimwendea likizo ya Agosti, nikapiga magoti mbele ya kiti chake na kumwambia kuhusu tembe 6. Alikaa kimya.

"Nilijua zimepungua," akasema. "Siku 3 sikuwa na dawa. Nikadhani ni macho yangu haya yamehesabu vibaya, nikaona haya kumwambia mama yako."

Siku 3! Katika hesabu zangu zote za sukari, kiu na mkojo, sikuwa nimefikiri kwamba tembe nilizoficha zilikuwa zimetoka kinywani mwa mtu. Nililia. Akaniwekea mkono kichwani. "Bibi yangu," akasema, "siku nyingine ukiogopa, uje tuogope wote."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi watatu nyumba moja tulikuwa tumeficha: mimi dalili, mama kiu, guka tembe. Kama mmoja angesema mapema, wote tungepona mapema.